Nguo za Mnara wa Mwisho

Nilikuwa nimeshabadilisha rangi ya mchanga mara mbili, na sasa niliweka majina juu ya vitu: kisima, ghala, lango, pipa la baruti. Kila jina nililitoa kwenye mwongozo wa mchezo, niliousaka katika hifadhi za zamani na kuutafsiri kutoka Kijerumani kwa uangalifu wote niliokuwa nao. Nilipomaliza jina la mwisho, nikaigeuza skrini ielekee kwa mama.

Kilemba cha nyaya kilikuwa kimemwendea upande. Nilikinyoosha, naye akaniinamishia kichwa kama mtoto anayesukwa nywele.

"Mama, hapa ni wapi?"

Aliutazama msafara wa ngamia uliosimama mbele ya mji mdogo wa udongo.

"Mmeshakula?" akauliza.

"Tumekula. Hapa ni wapi?"

"Waambie wale wasinisubiri."

Kisanduku kilichounganishwa na kilemba kilikuwa na mshale mmoja tu. Haukutikisika.

Mtu alikohoa mlangoni. Alikuwa Mhepela, mwenyekiti wa kamati ya maji ya Ikasi Mpya. Ujana wake aliutumia kwenye mitambo ya kisima chini ya mama yangu, na hadi leo alimwita Mama Fundi. Hakuwahi kuingia chumbani mwake bila kuvua viatu.

"Mbukwa, Mama Fundi," alimsalimu. Mama akamtazama kwa hofu, akavuta khanga hadi kidevuni. Mhepela akarudi hatua moja nyuma. "Vipi, dada Nyemo?"

"Bado."

"Jana ulisema tatizo ni rangi."

"Jana nilidhani ni rangi."

Alikaa kwenye kizingiti akaipakata kofia yake. "Zahanati wameanza kuwafuta wazazi kwa kitambaa kibichi. Mkwe wangu kajifungua juzi. Wamemfuta kwa kitambaa, na mtoto wamemfuta kwa hicho hicho. Sikusukumi. Nakuambia tu."

Nilijua hanisukumi. Ingekuwa rahisi zaidi kama angenisukuma.

Kisima kirefu cha mji wetu kilifungwa kwa kufuli la kumbukumbu. Makufuli hayo yalikuja katika miaka ya wizi wa maji, baada ya yale ya namba kuvunjwa, na yale ya vidole kusababisha watu kukatwa vidole. Mwenye dhamana alivaa kilemba, akakumbuka jambo moja aliloliishi, na kufuli likashika umbo la kumbukumbu hiyo. Tangu siku hiyo halikufunguka kwa neno wala kwa picha. Lilifunguka pale tu mtu yule yule alipokumbuka jambo lile lile kwa namna ile ile. Hakuna mwizi awezaye kukumbuka utoto wa mwenzake. Waliolibuni walisahau tu kwamba hata mwenye utoto huo anaweza kushindwa.

Wenye dhamana ya kisima chetu walikuwa wawili. Mmoja alifariki. Aliyebaki ni mama. Ardhi ilipotikisika mwezi uliopita, lango la chini la kisima lilijifunga, kama lilivyofundishwa, likawa linangoja mtu wa kulifungua. Wataalamu wa kulikata wapo, lakini walisema hawatafika kabla ya wiki kadhaa, na wakikosea, mwamba utaporomokea ndani. Treni ya maji ilikuja mara moja, ikatugawia kidogo, ikaenda kwenye miji yenye watu wengi zaidi.

Kabla ya ugonjwa, mama aliwahi kuniambia alikumbuka nini siku aliyolifunga lango. Ulikuwa mchezo wa kompyuta, aliokuwa akicheza na mdogo wake Yoramu katika duka la steshenari la baba yao, karibu na kituo cha reli. Hakusema zaidi. Mimi nami sikuuliza zaidi. Mjomba Yoramu amelala makaburini miaka mingi sasa, kwa hiyo hakubaki mtu mwingine wa kuulizwa.

Nikaanza kuutafuta mchezo wenyewe. Niliupata, nikaufufua, nikauweka kwenye skrini kama hii waliyokuwa nayo wao, pamoja na kibodi na kipanya chenye mkia. Ni mchezo wa namna mbili ndani ya mmoja. Kwanza unatembea na msafara jangwani, unazungumza na watu, unafumbua mafumbo ya njia. Kisha ukifika mjini unageuka kuwa mtawala: unachimba visima, unajenga kuta, unapanga askari kabla adui hajafika. Niliucheza mwenyewe hadi mwisho ili niuelewe. Sikukosea hata jina moja. Na bado mshale haukutikisika.

*

Adhuhuri nilimvua mama kilemba, nikakiweka begani mwake kwa sababu mikono yangu ilikuwa na sahani. Ulikuwa ugali wa uwele, mlenda hapana, maana mlenda unataka maji. Mhepela alikuwa bado kizingitini. Nilimpa kidogo akakataa, nikampa tena akapokea.

Skrini nilikuwa nimeisahau. Ilikuwa imeyaficha majina, kama inavyofanya isipoguswa, ikabaki picha tupu: udongo, mnara, mapipa matatu ya manjano ukutani. Mama alikuwa akitafuna polepole. Ghafla alinyoosha kijiko.

"Samli imekwisha."

"Samli ipi, mama?"

"Ya askari. Yoramu anawapa sana. Nimemwambia awapime, hasikii."

Kilemba kilikuwa bado kinamgusa shingo kwa upande mmoja. Kwenye kisanduku, mshale ulikuwa umeruka, ukasimama, ukaanza kuanguka.

Niliweka sahani chini. Nilimvisha kilemba vizuri, nikamwonyesha kitambaa cheupe kilichopepea juu ya mti mnarani. "Na hiki ni nini, mama?"

"Hizo si nguo? Zimeanikwa."

Mshale ukapanda tena.

Hapo ndipo nilipoikumbuka hadithi. Nilipokuwa mdogo, mama alinisimulia kila usiku kabla ya kulala habari za bibi mmoja aliyetembea na ngamia katika nchi kavu. Aliwalisha askari wake samli ili wawe na nguvu. Kila mji aliofika, maadui walipokuja, alipanda juu ya mnara akaanika nguo, nao maadui wakaingia, wakanywa maji, wakala, na asubuhi bibi akaendelea na safari. Nilidhani ni hadithi ya wazee wa kwetu, ya zamani za njaa. Niliwahi kuisimulia shuleni kama hadithi ya kabila, na mwalimu akanisifu.

Mwongozo ulisema wazi: mapipa ya manjano ni baruti. Kitambaa cheupe ni bendera ya kusalimu amri. Ukibonyeza hapo, lango linafunguka na mji unachukuliwa. Lakini watoto wawili wa nchi kavu, wasiojua neno moja la Kijerumani, waliliona pipa la manjano wakasema samli. Na kitambaa cheupe juu ya mti wangekiita nini kingine? Kwetu mtu aliyepotea porini hutafuta nyumba yenye nguo zilizoanikwa. Mwenye kufua ana maji.

Nilimweleza Mhepela. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza taratibu, "Kwa hiyo Mama Fundi alikuwa anashindwa kila siku?"

"Kila mji."

"Na anajua anapokea wageni."

"Anajua anapokea wageni."

Mhepela alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu lango lijifunge. Alicheka mabega yakatikisika, na mama naye akacheka kwa kumwona yeye. Kisha kicheko kikamkaukia Mhepela kooni, akaanza kukohoa, na mimi nikasimama kumpa maji, nikakumbuka kwamba mtungi una maji ya mama peke yake hadi kesho. Alinipungia mkono nikae.

"Basi umeipata njia," alisema alipoweza. "Endelea."

Nilikuwa bado nimesimama. "Mzee Mhepela, kaa kwanza nikuambie jambo."

"Nimekaa."

"Mimi na wewe tukikumbuka kitu, ubongo unakitoa, unakitumia, unakirudisha. Ubongo wa mama unatoa, haurudishi. Akikumbuka mwenyewe, kwa kupapasapapasa, anapoteza chembe. Lakini kufuli linataka kilemba kisome kwa kina. Kikisoma kwa kina, kitu chote kinatoka."

"Anausahau mchezo."

"Anausahau mchezo."

Alimtazama mama. Saa yake ilikuwa bado haijafika. Kila alasiri, ugonjwa ulipomchosha, mkono wake wa kulia ulijilaza juu ya mkono wa kiti ukaanza kuteleza huku na huku, kidole cha shahada kikibonyeza, naye akaimba kwa pua wimbo mfupi wa kufungulia mchezo. Katika saa hiyo alitabasamu. Saa zote nyingine aliogopa. Aliogopa mlango, aliogopa kijiko, siku nyingine aliniogopa mimi.

"Ana kitu gani kingine?" Mhepela aliuliza.

"Hana. Nimetafuta."

Alizungusha kofia mapajani. "Angekuwa mzima, angekwisha kufungua. Hilo unalijua. Nilimwona akiingia kisimani maji yakiwa kifuani."

"Angekuwa mzima asingekuwa na hiki kimoja tu."

"Kweli."

"Na kanuni ya kilemba inataka akubali mwenyewe akiwa na akili timamu."

"Akili timamu anayo wapi, dada Nyemo?"

Nilionyesha skrini. "Humo tu."

Alielewa polepole. Nilimwona akielewa. "Humo ana miaka mingapi?"

"Yuko darasa la sita."

Nje mtu aliburuta ndoo tupu barabarani, ikilia juu ya mawe, na sote wawili tukasikiliza hadi ilipopita.

*

Niliyafuta majina yote. Nilikaa kushoto kwa mama, kibodi mbele yangu, kwa sababu nilikumbuka sasa jambo jingine la hadithi: bibi wa ngamia alikuwa na mdogo wake aliyejua njia. Kompyuta ilikuwa moja, watoto wawili. Yoramu alishika kibodi, akatembeza msafara. Dada yake alishika kipanya, akatawala miji. Ndiyo maana mama peke yake asingeweza kufika popote. Kumbukumbu yake ilikuwa nusu.

Nikaufungulia wimbo. Mama aliuimba pamoja nao, mkono wake ukakishika kipanya bila kukitafuta. Nilitembeza ngamia hadi kwenye njia panda.

"Kulia," alisema.

Nilikwenda kushoto kwa makusudi. Nilitaka kuona.

"Yoramu, we mbuzi. Kulia. Kushoto kuna yule mzee wa maswali."

"Namtaka mzee wa maswali."

"Utamjibu nini, na hata yeye husikii anachosema?" Alicheka kwa sauti nyembamba nisiyoijua. "Unabonyeza jibu la katikati kila siku."

"La katikati ndilo zuri."

"La katikati ndilo ulilochapiwa viboko kwenye hesabu."

Mhepela alikuwa amesimama nyuma yetu bila viatu. Alipoona mshale umevuka nusu, nilisikia pumzi yake. Kuanzia hapo kilemba kilikuwa kinasoma kwa kina. Nilijua. Niliendelea.

Tulipita mji wa kwanza na wa pili. Aliwapimia askari samli. Alinituma nikaongee na mwanamke wa soko, akanicheka nilipokwama kwenye ukuta. Alilalamika kwamba mimi hujikuna pua kisha nashika kibodi, na kwamba baba akituona tumekula karanga juu ya meza atatufukuza. Alisema haya yote kwa sentensi nzima, zenye mwanzo na mwisho. Nilikuwa sijasikia sentensi nzima kutoka kwake tangu mvua za mwaka juzi. Nilitamani mji wa tatu uwe mbali.

Ulikuwa karibu. Mnara wa mwisho ulisimama peke yake, na chini yake vumbi la maadui lilianza kuonekana. Mshale ulisogea hadi ukingoni mwa alama nyekundu, pale kufuli linapofunguka, ukabaki unatetemeka. Ilibaki kubonyeza mara moja tu.

Mama alisogeza kipanya hadi kwenye kitambaa cheupe.

"Subiri," nilisema.

"Nini tena?"

Nilikuwa nimepanga maneno tangu adhuhuri, na sasa yote yalionekana makubwa mno kwa mtoto wa darasa la sita. "Sechelela," nilimwita kwa jina, jambo ambalo sijawahi kulifanya. "Tukianika nguo hizi, mchezo unakwisha. Hautakuwepo tena. Hatutaucheza tena, hata kesho."

"Baba anauza kompyuta?"

"Hapana. Unakwisha tu."

Alifikiri. Uso wake wa miaka mingi ulifikiri kama uso wa msichana, mdomo umevutwa upande. "Na tusipoanika?"

"Wale wageni watabaki nje."

"Wana kiu?"

Mhepela alikuwa amefunga macho.

"Wana kiu," nilijibu. "Kuna mtoto mchanga kati yao."

"Basi si waingie?" Alinishangaa. "Unauliza kitu gani hicho, Yoramu?" Kisha akatazama skrini tena, na kidole chake kikatulia. Katika mchezo jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mnara, na udongo wote umegeuka zambarau. Alikiondoa kipanya kwenye kitambaa.

"Jioni hazianikwi nguo," alisema. "Zitalowa umande, na wageni wataona nyumba haina mtu wa kuzianua. Sevu hapa. Kesho asubuhi, kabla ya shule."

"Dada—" Mhepela alianza nyuma yangu, kwa mnong'ono. "Dada Nyemo. Imebaki kidogo tu."

Kidole cha mama kilikuwa juu ya kipanya. Ningeweza kukishika. Mkono wake ni mwepesi, na mimi ndiye ninayemnawisha, ninayemkata kucha. Ningeweza kukisogeza kipanya pamoja na mkono wake na kukibonyeza kidole hicho kwa kidole changu, na labda kufuli lisingejua tofauti. Au lingejua. Yeye hakuanika nguo jioni hata siku moja, na kufuli lilishika kile alichokifanya, si kile tunachokitaka.

Nilihifadhi mchezo. Nikamvua kilemba kabla mshale haujaanguka.

Mhepela alikwenda hadi mlangoni, akakaa kizingitini akitupa mgongo. Sikumlaumu. Aliuliza, "Amekubali au hajakubali?"

"Sijui."

"Kasema waingie."

"Kasema kesho. Na aliyesema ni mtoto, anamwambia mdogo wake. Hamjui mkweo. Hajui kwamba kesho yake ndiye huyu mgonjwa aliye kitini." Nilikuwa nazikunja nyaya, nikagundua nazikunja vibaya, nikazikunjua. "Lakini nimemuuliza kila kitu nilichoweza kumuuliza, naye hakujibu kijinga."

"Hakujibu kijinga," alikubali. Alivaa kiatu kimoja, akakaa na cha pili mkononi. "Kesho akiamka na hofu? Akikataa kukaa kitini?"

"Anaweza kukataa."

"Na mshale ukigoma?"

"Unaweza kugoma. Kuna kilichokwisha kutoka leo. Sijui ni kiasi gani."

Alisimama. Alisema atakwenda zahanati kuwaambia wanywe polepole yaliyobaki hadi kesho, kisha akajisahihisha kwamba hatawaambia kitu, kwa sababu hakuna cha kuwaambia. Aligeuka na kumwinamia mama kidogo. "Hadi kesho, Mama Fundi."

Mama alimtazama, akavuta khanga.

Nilikaa naye hadi saa yake ilipofika. Jua lilipita kwenye dirisha, likamfika magotini. Nilingoja wimbo. Alifungua mdomo kidogo, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata, kisha akaufunga. Nilimwimbia mwanzo wake kwa pua, polepole, mara mbili. Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mgeni.

Lakini mkono ulikuwepo. Ulijilaza juu ya mkono wa kiti, ukateleza kidogo kulia, ukasimama. Kidole cha shahada kiliinuka, kikabaki juu, hakikubonyeza. Niliiacha skrini ikiwaka pale ilipoishia, mnara na kitambaa chake kwenye rangi ya zambarau, nikaweka kilemba karibu na kiti ili nisikitafute asubuhi. Kidole kilikuwa bado kimeinuka, kinangoja kukuche.